Simba Saba wa Dukani kwa Sameer

Mpendwa Mama Philomena,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ila kabla ya yote nimshukuru Mungu kwamba anayekuandikia ni mimi mwenyewe na si ndugu zangu wakileta tangazo la msiba, maana Jumamosi iliyopita nimeonana na simba uso kwa uso na nimerudi nyumbani na viungo vyangu vyote, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu kama mwehu, kisha nakumbuka uongo wangu na kicheko kinakatika.

Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Geita, kazi yangu ni kupanga magogo ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usitufukie tukiwa chini, na masika ya mwaka huu yalipojaza maji shimo letu tulikaa wiki sita bila kazi, ndipo nikaanza kushinda dukani kwa rafiki yangu Sameer anayeuza redio na vipuri, ambaye kaka yake alimletea kutoka Dubai mchezo wa kuwinda unaochezwa kwenye televisheni, una bunduki ya plastiki yenye waya, unasimama mbele ya televisheni unalenga swala na nyati, na ukijisahau kidogo simba anatoka majanini anakurukia, picha yote inakuwa nyekundu, basi, umeshaliwa. Mama, nililiwa naye siku kumi na moja mfululizo, watu wanajazana mlangoni kutazama navyoliwa, mpaka Sameer akanihurumia akasema, "Athanas, wewe ukimwona unarudi nyuma, ndiyo maana anakumaliza. Simama hapohapo, mwache aje, akiruka ndio umpige." Siku ya kumi na mbili nikasimama. Akaja wa kwanza nikampiga, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, nje watu wanapiga miluzi, lakini huyo wa saba aliporuka na mimi nikaruka kwa furaha au kwa woga, sijui, mkono wangu ukapita kwenye kabati la vioo la Sameer ukachanika mistari mitatu kutoka begani hadi karibu na kiwiko.

Siku hizo zote mke wangu Limi nilikuwa namdanganya kwamba natafuta kibarua kwenye maduara mengine. Jioni moja, kabla mkono haujachanika, akanishika mikono akaigeuza akaitazama, akasema, "Baba Paskalia, unatoka kuchimba, kucha zako mbona hazina hata tope?" Asubuhi yake akamchukua mtoto akaenda kwao, kijiji kilicho mbele ya Buseresere, karibu na pori.

Nikaenda kumfuata na mshenga wetu Donatus, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, tukawekwa kikao na baba mkwe akauliza mambo mawili tu, wiki zote hizo nilikuwa wapi, na mkono umefanya nini. Mimi bado natafuta pa kuanzia, Donatus alipoona nyuso za wazee zimekunjamana akarukia, "Mzee, mkweo ameponea simba saba, na wote saba kawapiga yeye. Uliza Geita nzima watakwambia." Na kweli Geita nzima wangemwambia! Nilitakiwa kufungua mdomo hapo hapo, Mama, nikaufunga. Baba mkwe akasimama, akasema taratibu kwa Kisukuma chake, "Shimba? Saba?" akaja akaushika mkono wangu mzima kwa mikono yake miwili, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Wewe unajua kwetu Usukumani muuaji wa simba hapongezwi tu akaenda zake. Kijijini kwa wakwe zangu anatibiwa kwanza kwa dawa ili wazimu wa mnyama usimwingie, na mkewe ndiye anayeosha jeraha, kisha anafungwa njuga anacheza nyumba kwa nyumba akipewa zawadi. Basi Limi akaniosha, akautazama ule mkono kwa muda mrefu, akachokoa kitu kwa kucha akakifunga kwenye pindo la kanga yake, nadhani ni kipande cha mzizi wa ile dawa, akasema tu, "Pole, Baba Paskalia." Halafu nikacheza. Nikapewa kuku kumi na wanne na mbuzi wawili, na bibi mmoja mjane, Bibi Mbuke, ambaye uani kwake niliona kuku mmoja tu, akanipa huyo huyo mmoja, akasema, "Wabeja, asante mwanangu, sasa tutalala." Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa sato. Limi nikarudishiwa siku ileile, hata faini sikutozwa.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe kwamba simba wa kweli amekula ndama wawili wa baba mkwe, na muuaji wa simba saba aje awaongoze vijana. Ningekataaje? Nikaenda, tukaingia kwenye vichaka vya mtoni saa tisa mchana, mimi mbele na mkuki wa kuazima, nyuma yangu wanaume kumi na mbwa wao, na hatujafika mbali simba jike akatoka, mkubwa, Mama, yule wa Sameer si lolote. Nasikia nyuma mikuki inaanguka chini na miguu inakimbia, mbwa ndio wa kwanza. Na mimi nilitaka kukimbia, naapa, lakini miguu iligoma, na masikioni nikawa namsikia Sameer, "Simama hapohapo." Nikasimama. Akaja mpaka pakawa kama kutoka kaunta ya duka hadi mlangoni, akasimama, akanguruma, akaniangalia, mimi namwangalia, kisha akageuza mkia akarudi porini taratibu kama mtu aliyeghairi safari. Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Suruali yangu naomba usiniulize. Jumatatu askari wa wanyamapori walikuja na bunduki zao wakamfukuza mpaka ndani kabisa ya pori, na ndama hawajaguswa tena.

Sasa baba mkwe anaandaa ngoma kubwa kuliko ile ya kwanza na anataka kunipa mtamba, na nyumbani Limi anapika huku anaimba, na kila tukikaa kula ananiuliza kwa upole, "Hivi simba wako walikuwa na kucha za namna gani?" halafu anacheka. Nina furaha kuwa hai, sikufichi, lakini wale kuku hawapiti kooni. Nikimwambia ukweli naogopa ataondoka tena, na safari hii hakuna simba wa kunirudishia. Nifanye nini?

Mimi niliyeponea, Geita.

*

Wewe uliyeponea,

Marahaba, na pole. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika pale simba alipogeuza mkia nami nikakaa chini. Mungu amekupenda kuliko unavyostahili, kamshukuru vizuri kanisani, si kwangu.

Sasa nisikilize. Mtu mzima mwenye mke na mtoto unashinda wiki sita ukitafunwa na simba wa televisheni, halafu unavaa njuga na kuchukua kuku wa mjane! Huyo Donatus wako ana mdomo mwepesi, ndiyo, lakini mguu uliocheza haukuwa wake. Na usinitajie miguu iliyogoma kana kwamba ni aibu. Wanaume kumi walikimbia na wewe ukabaki. Hicho ndicho kitu kimoja cha kweli ulicho nacho katika habari hii yote, na kinatosha mtu kutembea kifua mbele, ila umekizika chini ya uongo wa simba saba.

Mtamba usipokee. Hata kamba yake usiishike. Panda gari uende kijijini kabla ya ngoma, umwombe baba mkwe kikao kama kile cha kwanza, uende na Donatus na umwambie safari hii anyamaze. Sema mwenyewe kwa mdomo wako: wale saba walikuwa wa televisheni, mkono ulichanwa na kabati, huyu mmoja ndiye wa kweli na sikumuua, nilimwogopa nikashindwa kukimbia. Wazee watafoka. Waache wafoke. Watakapokutoza faini, lipa bila kupunguziwa. Kisha watacheka, nakuambia nawajua, na wale waliotupa mikuki ndio watacheka kwa sauti kubwa kwa sababu na wao wana yao ya kuficha. Mbuzi na kuku rudisha. Kama umeshawala, nunua wengine, na uanze na Bibi Mbuke kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpelekee kuku jike anayetaga, na mwambie kwamba askari wamemfukuza simba, ili alale kwa sababu ya kweli.

Na fanya haraka. Majina nimeyabadilisha yote, lakini mtu aliyeponea simba saba Geita kuna mmoja tu, na gazeti hili, linalotoka Jumamosi, linafika Buseresere na basi la Chato kila Jumatano. Njia ya mwongo ni fupi, yako imebakiza siku nne.

Lakini kabla ya baba mkwe, kuna mkeo. Unasema unaogopa akijua ataondoka. Ndugu yangu, soma tena barua uliyoandika kwa mkono wako. Dawa hutiwa kwenye jeraha, haichokolewi ikatolewa. Mwanamke aliyegeuza mikono yako akaona kucha hazina tope, unadhani akikuta kipande cha kioo kwenye nyama ya mumewe atakiita mzizi? Limi alijua kabla hujafungwa njuga hata moja. Angeweza kukinyanyua mbele ya baba yake na wazee wote, ukafukuzwa kama mbwa. Alikifunga kwenye pindo, akakuambia pole, akarudi nawe Geita, na kila siku mezani anakufungulia mlango akikuuliza kuhusu kucha, na wewe unadhani anakusifu.

Hakuondoka, bwana. Anakungoja. Leo ukitoka kazini kaa naye chini, mwambie yote kuanzia siku ya kwanza ulipoliwa, usiruke hata siku moja. Ukishamaliza, mwombe akufungulie lile fundo la kanga.