Maziwa Bila Mtoto

Jumanne, 10 Machi
Nashona sketi za shule tangu asubuhi. Adhuhuri blauzi imelowa tena, upande wa kushoto. Nimeweka kitambaa ndani, nikajifunga mtandio juu. Ni maziwa. Nimeyanusa, nisijidanganye. Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, sijawahi kuzaa. Hedhi haijaja tangu Novemba. Kichwa kinauma nyuma ya macho. Naogopa. Sina wa kumwambia.

Jumamosi, 14 Machi
Wifi yangu Zaina anajua. Tangu mama afariki naishi kwa kaka Hamisi. Bafu ni moja. Zaina alishaona kwamba Ramadhani inakwenda ukingoni na sijaacha kufunga hata siku moja, kama mwanamke asiyepata hedhi. Leo amesukuma mlango nikiwa najifuta kifua. Ameurudisha mlango.

Baada ya futari kaka amekuja, akabaki mlangoni. Yeye alilelewa na bibi hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo; mimi na mama tulikuwa Kigoma. Hasira ikimshika, Kiswahili chake kinakuwa cha mpakani kabisa.

"Aisha, mutoto iko wapi?"
"Mtoto gani?"
"Usinichezee. Ulimuzalia wapi? Ulimuacha kwa nani?"

Nimeapa. Hata mimi nilijisikia kama ninaongopa.

Jumatatu, 16 Machi
Nafuturu chumbani, peke yangu. Watoto wa kaka wamekatazwa kuingia kwangu. Sofi, mdogo wao, amepita dirishani bila kuniangalia.

Mteja kutoka Petite Barrière, kule kwenye kivuko cha mpaka, amekuja na kichanga. Kimelia, maziwa yakashuka yenyewe. Mwili wangu unamsubiri mtu ambaye hayupo. Nimelia nikiwa kwenye cherehani.

Nimegonga bega kwenye mlango. Mara ya pili ndani ya siku chache.

Jumatano, 18 Machi
Hospitali. Daktari ni binti mdogo kuliko mimi. Kipimo cha mimba: hakuna. Akaniuliza kuhusu kichwa. Akapitisha kidole pembeni ya jicho langu. Sikukiona.

Amenichorea. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama harage. Ubongo unaiamuru, nayo inatuma homoni mwilini: za kukua, za hedhi, za maziwa. Anadhani yangu ina uvimbe. Inaagiza maziwa bila kukoma, na homoni hiyohiyo inazuia hedhi. Hata uchovu, hata huzuni, huenda vinatoka huko.

Nimemuuliza kama upweke nao ni homoni.
"Huo sina kipimo chake," akasema.

Ijumaa, 20 Machi
Idi. Wamekwenda kuswali bila kunisubiri. Nimekwenda nyuma yao. Safu ya wanawake, pembeni yangu nafasi tupu.

Pilau nimeikuta sahani moja nje ya mlango wangu, imefunikwa. Nimekula. Nawachukia, na nawataka.

Alhamisi, 26 Machi
Nimerudi kutoka Kigali, nilikopigwa picha ya kichwa. Uvimbe upo. Si saratani. Vidonge, mara mbili kwa wiki, huenda kwa miaka.

Nimeweka karatasi mbele ya kaka. Ameisoma mpaka chini, akarudia.
"Bon, sawa," akasema. Akaenda kutawadha.

Zaina alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 12 Aprili
Vidonge vinanitia kichefuchefu. Nikisimama ghafla kizunguzungu. Kitambaa kinabaki kikavu mpaka alasiri. Zaina amenisalimia. Nimeitikia. Basi.

Jumamosi, 9 Mei
Maziwa yamekauka. Hedhi imekuja juzi. Nilidhani nitafurahi, nimekaa kitandani nimejishika kifua, kama aliyefiwa. Daktari anasema sasa naweza hata kuzaa, nikitaka.

Leo nimehamia chumba karibu na soko. Kaka amebeba cherehani begani mwenyewe, amekataa mbeba mizigo. Alipoitua, akabaki amesimama.
"Nilikukosea, Aisha."
"Najua."

Ameketi kidogo, akaondoka. Mvua imeanza. Nimepika viazi na sambaza, visamaki vya ziwani, nimekula peke yangu, nimeshiba.