Gari Lililooshwa Mno

Mjukuu wangu Jovitha,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Mgongo wa bibi yako umetulia, ila upepo umeangusha migomba ya upande wa chini. Tunamshukuru Mungu.

Unasema hapo gereji kuna mteja analalamika kwamba taa ya ABS, ile ya breki, inawaka na kuzima, nawe ukipima huoni kitu. Unauliza kama anadanganya.

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa kahawa hapa Igurwa. Nikipita kwenye matope ya Bugomora taa hiyo iliwaka, na breki zikawa hazieleweki mteremkoni. Lakini kumpelekea fundi gari chafu kwetu ni dharau. Kwa hiyo kila mara nilipitia mtoni kwanza, nikaliosha hadi ndani ya magurudumu. Fundi alilijaribu, akalikuta zima, akanisifu kwa usafi. Tajiri akasema natafuta visingizio vya kukwepa safari, akaninyang'anya ufunguo.

Dereva aliyenifuata alikuwa mvivu wa kuosha. Alilipeleka vilevile lilivyo, na fundi akakuta tope limeganda kwenye sensa, kile kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu. Fundi huyo akaja hadi shambani kunieleza. Nilimpa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea mgeni. Sikushika usukani tena.

Basi mwambie mteja wako asilioshe. Alilete moja kwa moja kutoka barabarani, hata likikuchafulia gereji. Akisema anaona aibu, mwambie babu yako naye aliona aibu.

Ni mimi babu yako,
Igurwa