Wanaotoka Wakipiga Mluzi

Jumanne, tarehe 6 Agosti. Asubuhi ukungu, mahindi ng'ambo ya barabara hayaonekani, na joto limeanza kabla ya jua.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe kuanza na ukungu, maana ndivyo ninavyoanza daftari langu kila siku tangu nilipomaliza sekondari, na nikianza kwa namna nyingine maneno hayaji.

Nafanya kazi katika chumba cha mitihani cha chuo cha jamii hapa kwetu, chuo kile kisichomfukuza mtu mlangoni, kijana anaingia na babu anaingia, ila kwanza wakae mbele ya kompyuta wafanye mtihani wa hesabu na wa kusoma ili tujue tuwapange darasa gani, na kazi yangu mimi ni kuangalia vitambulisho, kufungia simu na mikoba kwenye makabati, kugawa penseli na karatasi ya kukokotolea, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Kila mwaka natia sahihi kwamba sitazungumza na mtahiniwa juu ya mtihani, na sijawahi kuitia shingo upande, kwa sababu naamini ukimsaidia mmoja umemwibia mwingine.

Sasa mtihani wetu una tabia yake. Mashine inakusoma. Ukijibu sawa inakuletea swali gumu zaidi, ukikosa inakuonea huruma inakuletea jepesi, kwa hiyo wanaofanya vizuri ndio wanaotoka wameinamisha vichwa kama watu waliotoka kuzika, na wanaofanya vibaya wanatoka wachangamfu, wanaomba pipi iliyoko mezani kwangu. Mwenzangu Dwayne husema, "Ukimwona anatoka anapiga mluzi, muombee." Tumeucheka utani huo miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza tunamcheka nani.

Alhamisi iliyopita alikuja mama mmoja, nitamwita Twyla, anapata miaka arobaini na kitu, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mayai kile kilichofungwa majira ya kuchipua, kazi yake ilikuwa kupitisha mayai mbele ya taa na kutoa yaliyoharibika. Anataka uuguzi. Alikuja na penseli zake mwenyewe, amezichonga zote, nikamwambia haziruhusiwi, akanikabidhi moja moja kama anayesalimisha silaha, akasema, "Haya dada, mimi nimepima mayai nusu ya umri wangu, leo na mimi nipimwe." Nikacheka, nikampa penseli ya chuo, nikamkalisha karibu na dirisha.

Kusoma alimaliza vizuri. Hesabu akaanza, na mimi huwa napita nyuma yao polepole, siyo kusoma, ni kuangalia tu kama kuna mtu ameficha kitu, lakini jicho halina pazia, na nilipopita mara ya pili niliona kwenye kioo cha kompyuta yake maswali ambayo watu wengi hawayafikii, yenye herufi nyingi kuliko namba, na nikajua mashine imempandisha, na moyo wangu ukafurahi kwa ajili yake kimyakimya. Ndipo akainua mkono.

"Dada, hii kompyuta imeharibika," akaninong'oneza. "Inaniuliza mambo ya maprofesa."

Mimi nina sentensi moja tu ninayoruhusiwa, nikamwambia hiyo hiyo: "Jitahidi kadiri uwezavyo."

Akaniangalia. "Kwa hiyo ndiyo inanicheka, eti?"

"Jitahidi kadiri uwezavyo."

Akageukia kioo, nikamsikia anabonyeza, tap, tap, tap, bila kusoma, kama mtu anayezima taa za nyumba anayohama. Mashine haijui kukata tamaa ni nini, inajua jibu limekosewa tu, ikamshusha mpaka chini. Karatasi ilipotoka kwenye printa ilikuwa darasa la chini kabisa la hesabu, maana yake kusoma hesabu za msingi mwaka mzima kabla hata ya kugusa mlango wa uuguzi, na malipo aliyopewa kiwanda kilipofungwa hayafiki huko. Akaikunja, akasema, "Yai viza. Si wameliona?" Nikamrudishia penseli zake. Akasema moja nibaki nayo.

Mtu yeyote anaweza kuomba kurudia mtihani mara moja, ilimradi isipite Ijumaa tarehe 16, siku usajili unapofungwa, lakini lazima aombe mwenyewe. Namba yake ya simu ninayo kwenye faili, na kuitumia kwa jambo kama hili ni kosa la kufukuzwa kazi. Nilimwendea bosi wangu, Bwana Renner, ambaye si mtu mbaya, nikamweleza. Akavua miwani. "Ukimwambia huyo, utamwambia na yule aliyekaa hapa jana? Na wa juzi? Utaenda nyumba kwa nyumba?" Hayo ndiyo ninayoamini mimi pia. Dwayne akasema, "Wee mwambie tu, nani atajua?" Nitajua mimi, ndiyo shida.

Halafu Jumapili, mshauri, ndipo palipoharibika. Tulikuwa na chakula cha pamoja kanisani, kila mtu na sahani yake, nami nimeshika bakuli la saladi ya viazi natafuta pa kuliweka, na Twyla yuko mezani anawachekesha watu. "Muulizeni huyu!" akasema akininyooshea mahindi ya kuchemsha. "Huyu dada ndiye aliyenishuhudia nikizikwa. Mashine ilinitupia swali moja, nikadhani ni Kigiriki!" Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Kila mtu na kipaji chake, Twyla," kwa sauti ile ya kumfungia mtu mlango taratibu. Akasema ameshazungumza na kiwanda cha nyama ya nguruwe, wanamtaka zamu ya usiku. Nami nikasimama pale na viazi vyangu. Nikasema tu kwamba nimeweka haradali kidogo mwaka huu.

Sasa naomba uniambie, je, nimwambie? Na kama alikuwa ameshafika mwisho wa uwezo wake, na nikamrudisha, na akaanguka tena, si nitakuwa nimemzika mara mbili? Na nikivunja neno nililolitia sahihi kwa ajili ya mtu niliyempenda kwa sababu ya penseli zake, je, yule niliyemwona hana mzaha, nikampita, nitamwambia nini?

Tangu Alhamisi sijalala kabla ya saa saba usiku. Jana ilikuwa saa nane na robo.

Mwenye Funguo za Makabati

*

Dada Mwenye Funguo,

Nimekujibu kwa posta kwanza, gazeti baadaye, kwa sababu tarehe 16 haisubiri zamu yangu ya kuchapwa.

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu yanayofuata ni makali. Wewe si mwoga, na hukosi huruma. Wewe ni mtu mwaminifu aliyeacha kanuni ikue mpaka ikajaa nyumba nzima. Kanuni yako inasema usizungumze na mtahiniwa juu ya mtihani. Sawa. Maswali ni siri, majibu ni siri, alama za watu ni siri, na ulichokiona kwenye kioo cha Twyla ni siri pia. Hicho uende nacho kaburini. Lakini je, tabia ya mashine ni siri?

Sikutaka kukisia. Nilipiga simu chuoni kwenu kama bibi kizee anayetaka kurudi shule, na kwa umri wangu sikuhitaji kuigiza. Kijana aliyepokea, mwenye sauti nene na mdomo uliojaa kitu anachokula, alinieleza kila kitu kwa dakika moja: ukipata unaongezewa ugumu, ukikosa unapunguziwa, usiogope, bibi. Kisha akaniuliza kama nataka nafasi ya Jumatatu. Kwa hiyo jambo linalokukosesha usingizi, chuo chako kinampa yeyote anayejua kuuliza. Anayelikosa ni yule asiyejua kwamba kuna la kuuliza, na huyo ndiye chuo chenu kilijengwa kwa ajili yake.

Wahenga walisema mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Ninyi mmeweka mashine inayorusha mawe kwa wenye matunda, na hamkumwambia mti. Halafu mnacheka wenyewe kwa wenyewe.

Sasa twende kwa Bwana Renner. Swali lake ni zuri sana: ukimwambia mmoja, utawaambia wote? Ulilichukua kama ukuta. Mimi nalisoma kama swali, na swali hujibiwa. Jibu ni ndiyo, bosi, wote. Mwandikie sentensi mbili zinazoeleza jinsi mashine inavyotoa maswali, mwombe zisomwe kwa sauti kabla ya kila mtihani, kwa kila mtu, mwenye mzaha na asiye na mzaha, kwa maneno yaleyale. Hapo hutakuwa umemwibia mtu. Akikataa, mwombe kwa adabu akuonyeshe kifungu kinachokataza. Usimzunguke, na usimsikilize huyo Dwayne wa "nani atajua". Anatoa ushauri wa bure na unafanana na bei yake.

Na Twyla. Unaniuliza umwambie au usimwambie, nami nakuuliza: pale kanisani ulikuwa msimamizi wa nani? Kimya cha chumba cha mtihani umekibeba mpaka kwenye meza ya chakula, ukakiweka karibu na saladi. Mwanamke anajiita yai viza mbele ya majirani, nawe unataja haradali! Hapo nilitaka kukuvuta sikio.

Fanya hivi. Usitumie simu ya kwenye faili. Usimvute pembeni umnong'oneze, kwa sababu aliaibika hadharani. Nenda kwenye chakula kinachofuata, kaa meza ileile, na sema mbele ya wote, huyo mzee wa vipaji akiwepo: mashine ile hufanya hivi na hivi, na kila mtu ana haki ya kurudia mara moja kabla tarehe 16 haijaisha. Basi. Usimwambie alikuwa anafaulu, kwa sababu hujui. Uliona swali gumu. Hukuona kichwa chake. Unahofia ataanguka tena? Huenda. Lakini akianguka akijua anachopanda, huko ni kuanguka kwake mwenyewe. Siku ile ya Alhamisi hakuanguka, aliruka kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa juu.

Jiandae pia kwa jambo moja: atakukasirikia. Atakuwa na haki. Usijitetee, na usilie, hujaenda pale kufarijiwa.

Umeandika neno mtihani kila mahali katika barua yako, ukidhani ni wa Twyla. Huu wa sasa, dada, ni wako, na hauna kurudia.

Ardith

*

Barua hii fupi ilinifikia juma lililofuata. Naichapa kwa ruhusa ya wote wawili, majina yakiwa yamebadilishwa. Ardith.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti. Asubuhi mvua nyepesi, imekatika saa mbili, upepo wa kaskazini, unanukia majira ya mavuno.

Mpendwa mshauri, Bwana Renner alizikalia sentensi zangu siku mbili, akafuta neno moja, akasema, "Uzisome hivihivi kila mara, usiongeze chumvi." Nimeanza kuzisoma Jumatatu. Kijana mmoja aliposikia alisema "Kumbe!" kwa nguvu mpaka nikalazimika kumwonya.

Jumatano kulikuwa na chakula kanisani. Nilikaa meza ileile nikasema kama ulivyosema. Twyla aliacha kutafuna.

"Subiri. Ulikuwa unajua hayo siku ile?"

"Nilijua."

"Na Jumapili ile, umesimama hapo na bakuli lako, ulijua?"

"Nilijua, Twyla."

"Wewe ni mtu wa ajabu sana," akasema, na hakuwa anatania. Yule mzee akaanza kusema kila mtu na kipaji chake, Twyla akamwambia, "Earl, kula pai yako." Kisha akaondoka bila kuniaga, nami nikajua nimempoteza.

Leo, chuo kikiwa karibu kufungwa, aliingia. Hakunisalimu. Alitoa kitambulisho, akaomba kurudia, akaweka mkoba kabatini, kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Kiwandani sikuwahi kutupa yai kabla ya kuligeuza mbele ya taa mara ya pili." Nikamsomea sentensi mbili, yeye peke yake chumbani, kwa maneno yaleyale. Nikampa penseli ile aliyoniachia. Najua si ya chuo. Nimemwandikia Bwana Renner maelezo.

Katikati ya hesabu akainua mkono. Nikamwendea, nikiangalia sakafu ili nisione kioo.

"Imeanza kunitukana tena," akaninong'oneza.

"Jitahidi kadiri uwezavyo," nikasema.

Akaguna, na nadhani alitabasamu, akageuka akainama juu ya karatasi yake, na sikusikia tap tap. Nilisikia penseli.

Matokeo yake ni yake, siyaandiki hata kwenye daftari. Ila naweza kuandika ambacho kila mtu aliyekuwa koridoni alikiona: alitoka ameinamisha kichwa, amechoka kama aliyebeba gunia, na hakupiga mluzi.

Sasa ni saa tatu na dakika ishirini usiku, nami nakwenda kulala.