Nilimsingizia Samson Gurudumu Lilipochomoka

Bi Haika, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kuomba msaada, sina wa kumwambia hapa Barking, London, maana wote wananijua. Mie ni Mpemba wa miaka sitini na mbili, nina gereji, na kwa miaka ishirini na mitatu nina timu ya magari ya mashindano, yale yanayozunguka kiwanja na kusukumana kwa ruhusa, timu ni yangu na fundi mkuu ni mie mwenyewe, nilianza na gari moja mbovu watu wa msikitini wakinicheka, "Hamad kanunua mkweche akaugonge," na leo vikombe vimejaa dirishani. Dereva wangu ni binti yangu Sheikha, na desturi yetu ni moja, kabla gari haijaingia kiwanjani nati za magurudumu nazikaza mie, kila gurudumu kwa bismillahi, na nikishamaliza hapana mkono mwengine unaogusa.

Tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia unatetemeka. Daktari kanipa barua ya kwenda hospitali kupimwa, nimeitia kwenye droo. Samson, mtu wa Tabora tuliyeanza naye timu, akazuka na tabia ya kupita nyuma yangu na spana, nikimuuliza anasema, "Naangalia upepo wa tairi tu, mzee," nami ikaniudhi, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa nne nikamkemea mbele ya wote, akae mbali na gari yangu, akakaa mbali, na mzunguko wa nne gurudumu la mbele likachomoka, gari ikapiga ukuta, mwanangu akavunjika bega, na wallahi Bi Haika, nilipomwona hatikisiki mule ndani nilihisi nimemuua. Alipofungua macho watu wakauliza nani kakaza nati, na ulimi wangu ukasema Samson. Hakubisha. Alisema, "Sawa, mzee," akachukua koti lake akenda zake.

Sasa mfupa umeunga na Sheikha anataka kurudi mbioni Jumamosi ya wiki ijayo, ananambia kwa Kiingereza chake kwamba anamwamini baba tu, na jina la Samson hataki hata kulisikia. Jee, ninyamaze nikaze kwa uangalifu zaidi, au nimzuie kwa kisingizio? Nikisema kweli, heshima yangu ya miaka yote imekwisha.

*

Mzee wangu, kwanza majina nimeyabadilisha, maana wewe umeyamwaga yote.

Pole sana. Mkono kutetemeka ni maradhi, na maradhi hayana aibu. Pole yangu inaishia hapo. Ati ukaze kwa uangalifu zaidi! Mkono huo unakusikiliza tangu lini?

Hebu isome tena barua yako. Unaamini kweli Samson alikuwa anaangalia upepo? Mwaka mzima mtu huyo amekaza nati nyuma yako, kimyakimya, usifedheheke mbele ya binti yako. Siku uliyomfukuza ndiyo siku gurudumu lilichomoka. Na ulipomsingizia alijua, kuliko mtu yeyote pale alijua, bado akakusitiri. Shukrani ya punda ni mateke, mzee. Nimekasirika, na sikufichi.

Leo hii mkalishe Sheikha. Sema naye Kiswahili, ataelewa hata akijibu kwa Kiingereza. Usianze na ugonjwa wala daktari. Anza na, "Aliyekaza ni mimi." Atafoka, na ana haki, mwache afoke. Kisha nenda kwa Samson kwa miguu yako, usimtume mtu wala usimpigie simu. Muombe radhi mlangoni kwake, halafu muombe tena mbele ya timu nzima, kwa sauti ileile uliyomkemea nayo. Akikataa kurudi, usimlaumu, tafuta fundi mwingine. Ila wewe usikaze tena hata nati moja. Timu bado ni yako, ujuzi uko kichwani, na bismillahi isome wewe, nani amekukataza? Barua ya hospitali uitoe kwenye droo, kesho asubuhi uwapigie simu wakupangie siku.

Na Jumamosi ikifika hujasema, Sheikha asipande gari hilo. Bega ameshalitoa kwa ajili ya heshima yako. Shingo usimwombe.