Ukurasa wa Bima Niliouruka

Fort Worth, Texas
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba zile dawa unazimeza baada ya kula, si kabla. Huku tunaendelea, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwezi uliopita ulimgombeza Neema, mke wa mdogo wangu Elia, kwa kubeba mimba wakati daktari alimwambia apumzike miaka miwili baada ya upasuaji wa kujifungua mtoto wa tatu. Ulimwita mkaidi. Mama, Neema si mkaidi. Kosa ni langu.

Alipoajiriwa kufua nguo kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, alipewa fomu za bima ya afya. Elia alikuwa Houston na lori lake, na Neema hasomi Kiingereza, basi nikaenda kumsomea. Tulikaa mezani, watoto wanakula. Ukurasa wa saba ulieleza kwamba wenye nyumba hiyo ni watu wa kanisa, imani yao haikubali uzazi wa mpango, kwa hiyo bima wanayoilipia haigharamii sindano wala vidonge. Chini yake kulikuwa na namba: anayehitaji apige, kampuni ya bima itampa kadi nyingine bila malipo, mwajiri asihusike.

Unajua kwetu kaka wa mume ni kama baba mkwe. Nikajiuliza nitayatamkaje hayo mbele yake. Nikafunua ukurasa wa nane bila kuusoma wa saba.

"Kaka, huo unasemaje?"

"Maneno ya sheria tu. Saini hapa."

Akacheka. "Sheria zao ndefu kuliko mahubiri ya mchungaji wetu."

Nimeangalia shajara yangu ya siku hiyo. Nimeandika: "Fomu ya Neema, kurasa tisa, imekamilika."

Muda wa sindano ulipofika, kliniki walimwambia kadi yake haikubali huduma hiyo. Alidhani ndiyo sheria ya nchi. Kuniuliza mimi aliona aibu, kama mimi nilivyoona aibu kumsomea.

Sasa ana miezi mitano. Daktari amemwachisha kazi na kumtaka alale muda mwingi, maana mshono wa zamani unamtia wasiwasi. Jana Jumamosi nilikwenda na nakala ya fomu, nikausoma ule ukurasa mbele yake na Elia. Elia alitoka nje.

"Kwa hiyo hiyo namba ilikuwepo?" Neema akauliza.

"Ilikuwepo."

"Si ungemwita hata mama jirani anisomee, Kaka."

Nilizoea kuwalaumu wenye ile nyumba kwa kuingilia mambo ya chumbani mwa watu. Lakini wao walichokikataa walikiandika wazi. Mimi ndiye niliyekificha.

Sikuelekezi la kumwambia Neema, wewe ndiye mzazi. Tangu siku uliyomgombeza hapokei simu za nyumbani. Nimemwomba ya kwako aipokee.

Nisalimie Mjomba Yohana, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi Tabu na kwaya yake. Nawe dada Rehema, unayemsomea Mama barua hii, kama kuna mahali umeparuka kwa aibu, rudi umsomee.

Mwanao anayekuomba radhi,
Daudi