Spika za Kusikia Mnong'ono

Liège, 9 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai goti limekupa nafuu kidogo, na zile ngazi za kupanda dukani kwako Kimisagara hazijakushinda. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitafuna masikio.

Picha ya sebule uliyoituma kwenye simu pamoja na barua yako nimeiona. Baba, nyumba imekwisha! Niliitazama mpaka chai ikapoa. Tangu Mama afariki umenilea kwa cherehani moja, unashona sare za watoto wa watu mpaka na ya kwangu ikapatikana. Sasa umehamia kwako Gahanga, na sitaki ukae nyumba mpya na ile redio kaseti peke yake. Nimekutumia hela ya spika.

Kazi yangu hapa dukani ni kuuza spika, kwa hiyo leo nisikilize kama fundi, si kama mwanao. Ulisema unataka filamu na mpira kwenye televisheni, na pia kaseti zako za taarabu. Basi usichukue ile seti ya spika tano ndogondogo na sabufa ya kutikisa vyombo. Chukua amplifaya ya kawaida na spika kuu mbili nzuri, moja kulia na moja kushoto kwa televisheni. Filamu ni maneno ya watu, na wimbo ni maneno ya watu. Spika isiyoweza sauti ya mtu haifai kwa lolote. Usichague kwa macho wala kwa ngurumo. Nenda na kaseti yetu, ile ya mazoezi ya maulidi.

Mwanao,
Leila

Gahanga, 26 Februari 2025

Mwanangu Leila,

Waalaykum salaam. Goti linakusalimu, nami nashukuru Mungu. Ramadhani inabisha hodi, na wewe umeniwahi na zawadi kabla ya Idi.

Spika zimepatikana! Nilikwenda mjini kwa Gratien, muuza vyombo vya muziki, na jirani yangu Bayingana akanisindikiza bila kuitwa. Akaenda moja kwa moja kwenye mispika mirefu kama kabati, yenye taa zinazocheza. "Mzee, beba hizi, hata Bugesera watajua umehamia!" Gratien akaziwasha, nikahisi moyo unataka kuhama kifua. Nikasema hapana rwose, hapana kabisa, niwekee kaseti yangu.

Redio kaseti niliibeba kwapani, akaiunga na amplifaya kwa waya. Unaikumbuka: chumba chetu cha Kimisagara, una miaka saba, unajifunza kasida ya maulidi, mimi nimeshika redio nakurekodi. Ubeti wa tatu unasahau, unanyamaza. Mama yako anakunong'oneza, nawe unaendelea. Sauti yake nyingine hatuna. Ni mnong'ono huo tu.

Kwenye yale makabati nilisikia besi, yeye sikumsikia. Za pili, za plastiki, zikamfanya kama mtu anayechekecha mchanga. Za tatu ni za mbao, zinanifika gotini. Leila, nilimsikia! Nilisikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Nikakaa juu ya katoni nikalia mbele ya wateja, hata Gratien akaizima kaseti. Na Bayingana, mgala muue na haki umpe, akavua kofia. Halafu akasema, "Lakini ni ndogo." Nikamjibu, wembamba wa reli, treni inapita.

Tukajaribu na filamu. Watu wawili wanagombana kwa sauti ya chini ndani ya gari, nje mvua. Kila neno nililipata, na mvua nayo nikaisikia. Basi nikachukua hizo.

Mungu akufungulie kila mlango, mwanangu. Barabara wanayoichimba hapa ina vumbi la kutisha, lakini kitu ulichonipa wewe hakitaguswa na vumbi nikiwa hai.

Baba yako

Liège, 20 Aprili 2025

Baba,

Assalamu alaykum. U mzima kweli? Tangu Idi sijakusikia. Siku hiyo uliniandikia tu, na kila Ijumaa nikipiga, simu inalia mpaka inakatika. Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari nilijiambia umenyamaza pamoja na nchi. Sasa imepita. Nimempigia Bayingana, anasema unakwenda dukani kila siku. Kama nimekukosea, niambie. Nakuomba, Baba.

Mwanao,
Leila

Gahanga, 24 Aprili 2025

Leila mwanangu,

Waalaykum salaam. Hukunikosea, disi, maskini mwanangu, unikosee nini? Mwili mzima. Kilichokwisha ni masikio, nami nilikuficha kwa aibu.

Ramadhani yote muziki niliuacha. Siku ya Idi nikawasha, nikaweka kaseti yetu. Wewe nilikusikia kwa mbali, kama umezibwa mdomo. Ukasahau ubeti, nikangoja. Mama yako hakusema kitu. Nikarudisha mara nne, kimya. Nikaweka filamu: midomo inacheza, maneno kama yapo chumba cha pili. Nikamwita Bayingana asikilize. "Mzee, zinapiga vizuri sana, besi imekolea!" Basi nikajua ubovu ni wangu. Babu yako naye alikufa kiziwi.

Ndiyo maana simu siipokei. Niliogopa utaniita Baba nami nijibu "eh? eh?", ukajua. Nimemwambia mwenye chumba cha duka langu Kimisagara kwamba mwisho wa mwezi namrudishia funguo. Fundi asiyemsikia mteja atamkatia nani suruali?

Lakini spika usizilaumu. Nimezitunza kama maharusi. Nilizishonea kanzu ya mahameli nyekundu, bitana ndani, pamba katikati, zimefunikwa kuanzia kichwani hadi chini, na mshono nikaufunga kabisa. Kila mgeni anazisifu. Kinachoniuma ni kwamba zawadi kubwa hivi umempa mtu asiyeweza kuisikia. Asante yangu iko palepale.

Baba yako

Liège, 24 Aprili 2025

Baba yangu,

Nisamehe, salamu nitakupa baadaye. Nijibu kwanza: cherehani ikiruka mshono, unaisikia kabla hujaiona? Na mwadhini je?

Baba, umezivika kanzu! Mahameli, pamba na bitana! Besi haina adabu, inapenya nguo yoyote, ndiyo maana Bayingana hakuona kosa. Mnong'ono haupenyi. Maneno ya filamu nayo hayapenyi. Zivue, Baba, zote mbili, mpaka mbao ionekane. Zipandishe kwenye stuli zifike usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, zisogeze kidogo kutoka ukutani, uzielekeze kwenye kiti chako. Kisha weka kaseti. Ukikosa kusikia hapo, tutakwenda kwa daktari wa masikio, na hiyo wala si aibu. Funguo za duka usimpe mtu!

Nilicheka mpaka mteja akauliza kulikoni. Kisha nikalia, maana hata zawadi ya kwanza niliyowahi kukupa, ile kalamu, uliishonea mfuko.

Mwanao,
Leila

Gahanga, Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mwanangu Leila,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Hujambo, mama? Mimi leo sijambo kweli, si sijambo ya barua.

Cherehani naisikia! Ikiruka naisikia hata nikiwa nje nabishana na mteja. Na mwadhini ndiye anayeniamsha. Mzee mzima, na hilo sikuliwaza hata mara moja. Nimejicheka peke yangu.

Niliporudi kutoka msikitini nikachukua wembe, nikafumua. Imenichukua muda, kwa sababu mshono wangu haufumuki kirahisi, hilo nalo uwaambie huko. Nikazipandisha kwenye stuli. Nikaweka kaseti.

Ukaimba, ukasahau. Mama yako akavuta pumzi, akakunong'oneza. Alhamdulillahi! Na kwa kuwa leo hakuna Gratien wa kuizima, nikaiacha iendelee. Ukamaliza ubeti. Hapo kuna mwanamume anacheka karibu na redio, halafu mama yako anasema polepole sana, "Baba Leila, acha kucheka, utamtisha mtoto."

Redio kaseti haikuwahi kunitolea maneno hayo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilicheka. Miaka kumi na minane nilidhani yote aliyoyaacha kwenye kaseti ni ya kwako, na sikuona wivu. Kumbe na mimi nilikuwa na langu. Nikamjibu kwa sauti, "Nimeacha." Bayingana akachungulia dirishani akauliza naongea na nani. Nikamwambia ingia, kaa, sikiliza.

Asante, mwanangu. Asante kwa spika, na kwa kunifundisha kuzivua nguo. Funguo za duka ninazo. Mahameli nimeikunja, nitakushonea nayo mto wa kiti chako hapa sebuleni, kwa siku utakayokuja. Simu iko mezani mbele yangu. Piga.

Baba Leila