Pumzi Uliyoisikia Wewe, Fundi Zipu

Leo umetimia mwaka mmoja, Mama, tangu ulipojilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana na usiamke tena.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Zipu. Aliyekuja na begi akilalamika ulimwambia, "Zipu haina kosa, baba. Mwenye haraka ndiye mbovu." Ulipaka mshumaa kwenye meno ya zipu, ukavuta taratibu, mjukuu wako amelala begani.

Mjukuu huyo alizaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka. Mdomo ulishonwa mapema, kaakaa likabaki kusubiri. Wewe ndiye uliyesema: akilazwa chali hukoroma, ghafla kimya, kifua kinahangaika na hewa haiingii, halafu hushtuka. "Mtoto anakata pumzi." Mama yake, kitindamimba wako, akakujibu, "Mama, usimtie mwanangu uchuro."

Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana. Aliogopa upasuaji usije ukaahirishwa, naye alikwishachoka na macho ya watu kila maziwa yalipomtoka mtoto puani.

Kliniki, muuguzi alipouliza kama mtoto anakoroma, bintiyo alisema hapana. Ukakohoa.

"Anakoroma, mwanangu, na pumzi hukatika. Nimehesabu."

Upasuaji ukaahirishwa, mtoto akaandikiwa kipimo cha kufuatilia pumzi akiwa usingizini. Njiani bintiyo akakwambia, "Umeniaibisha. Usinifuate tena." Ulimbebea mfuko wa nepi mpaka mlangoni kwake, ukarudi zako.

Kipimo kilifanyika, naye hakukwambia. Siku kumi na tisa hakukusemesha. Ya ishirini ukatutoka.

Majibu yalikuja wiki moja baada ya mazishi. "Tungempa dawa ya usingizi bila kujua haya, pengine tungempoteza," daktari alisema. "Nani aligundua?"

"Mama yangu," bintiyo akajibu, akalia mpaka muuguzi akampokea mtoto.

Miezi minne mjukuu wako alilazwa ubavu, chini ya uangalizi, ndipo akafanyiwa upasuaji. Sasa analala kimya, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtoto yeyote. Bintiyo bado humwinamia kusikiliza. Tukimwambia kwamba ulikwishamsamehe, hutujibu, "Mmejuaje? Mimi sikumwomba."

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, mjukuu wako, na zaidi ya wote kitindamimba wako, aliyetaka tuyaandike haya bila kuficha neno.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.